Huko Watamwitaje Nyambura

Dada yangu Brigid hakumuuliza yule kijana anafanya kazi gani. Hakumuuliza kama ana nyumba, wala kama anaenda kanisani, wala kama kuna mke mwingine aliyefichwa huko kwao. Alimmiminia chai, akamsogezea sahani ya mandazi, akaketi mbele yake na mikono juu ya magoti kama hakimu. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Kwenu mwanamke anaitwaje?"

Nilikuwepo. Mimi huwapo kila mahali Brigid anapokaribia kuharibu jambo, kwa sababu mama alinizaa wa mwisho na kazi hiyo ikaniangukia. Naitwa Edah, ni nesi, na subira sina. Wagonjwa wangu wanalijua hilo, na nadhani ndiyo maana wanapona haraka.

Kijana mwenyewe aliitwa Oliver, Mswidi wa Gothenburg, mrefu kiasi kwamba aliinama kila alipopita mlango wa Brigid. Zile nyumba za mtaa wetu wa Lozells zilizobanana zilijengewa watu wafupi. Alikuja Birmingham kwa kazi ya uinjinia wa reli, na ofisini kwao akamkuta Nyambura wetu, injinia vilevile, mtoto wa pekee wa Brigid. Walipendana mwaka mzima kabla sisi hatujaambiwa. Sasa mkataba wa Oliver ulikuwa unakwisha, na walitaka wakioana wahamie kwao Uswidi.

Swali la Brigid halikutoka hewani. Yeye huwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulea wazee upande wa Small Heath, na wazee wale wamemwita kila kitu isipokuwa jina lake. Mmoja humwita love. Wale waliozaliwa hapahapa humwita bab, kama wanavyomwita kila mtu wanayempenda, na kuna Mwairishi anayemwita sister kwa kudhani bado yuko hospitali ya watawa. Brigid huitika yote. Lakini usiku ule Nyambura alipotaja Uswidi kwa mara ya kwanza, dada yangu hakuuliza nauli wala baridi. Aliuliza tu, "Huko watamwitaje mtoto wangu?" Nikamwambia watamwita Nyambura. Akasema hapana, hilo ni jina. Anataka kujua watakuwa wakifikiria nini wakimwona anapita.

Basi Oliver aliulizwa, na badala ya kushtuka alifurahi. Ni kijana wa kusoma, na ukimuuliza jambo la maana anakaa wima. Alisema kwao mwanamke ni kvinna. Jirani zao Wadenmaki husema kvinde, Wanorwe kvinne, na watu wa Aislandi bado wanasema kona, kama walivyosema mababu wa wote. Nikasema kona tunayo hata sisi, ile basi linapopindia kuingia Lozells Road. Nyambura akanipiga teke chini ya meza.

Oliver akaendelea. Neno hilo, alisema, na neno la Kiingereza la malkia, queen, ni ndugu wa damu. Zamani sana lilikuwa neno moja tu la mwanamke. Waingereza wakalipandisha polepole mpaka likakaa kwenye kiti cha enzi, lakini watu wa kwao wakaliacha chini, likawa la kila mwanamke, hata anayeuza samaki. Akatabasamu na kusema kwamba kwa hiyo kwao kila mwanamke ni malkia kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshanunuliwa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia kitu kama hicho nikiwa na sare ya kazi na viatu vya mpira. Lakini Brigid alikiweka kikombe chake mezani polepole.

"Malkia huenda kuolewa nchi ya watu," alisema. "Anavalishwa taji huko, na mama yake hamwoni tena."

Na mandazi hayakuliwa tena siku hiyo.

Oliver alipoondoka nilimfuata Brigid jikoni nikamsema vilivyo. Nilimwambia kijana ana adabu, anamheshimu mtoto, na amejifunza Kiswahili kwa bidii kuliko watoto wetu waliozaliwa hapa. Nyambura alikuja nyuma yangu akasema, "Mum, it's not far. Ni ndege tu." Brigid akamjibu kwamba hata Nairobi ni ndege tu.

Sote tulijua anasema nini. Mama yetu alipofariki Nyahururu, Brigid hakuweza kusafiri. Alimzika kwa simu, amesimama kwenye korido ya kazini, picha inakatika kila dakika, na mkono wa pili umeshika trei ya chakula cha mzee fulani. Alikuwa amemwahidi mama kwamba atarudi baada ya miaka michache. Alisema hivyo kwa moyo safi, kama Nyambura alivyokuwa akisema sasa.

"Simkatai kijana," aliniambia baadaye, tukiwa wawili. "Kijana ni mzuri. Naogopa, Edah. Naogopa kuwa kama mama yetu."



Sasa lazima nieleze habari ya uji. Katika ukoo wetu, siku ya ruracio, yaani siku ya mahari, mama wa binti huandaa kibuyu cha uji uliochachushwa. Wanaume wanaweza kuongea mambo ya mbuzi mpaka jua lizame, lakini hakuna anayekunywa kabla ya mama kuonja. Akionja, ametoa baraka. Asipoonja, wageni wanapewa chai, wanashukuriwa kwa kuja, na wanarudi kwao. Nyambura alikuwa amesema wazi kwamba hataolewa bila mama yake kuonja uji ule, hata kama anampenda Oliver kiasi gani. Na Brigid hakusema ataonja wala hataonja. Aliuchachusha tu, akaufunga kwa kitambaa akauweka kando ya kipasha joto cha sebuleni, maana bila joto hilo uji wa Birmingham hauchachi hata ukiusubiri mpaka Krismasi. Nilipomuuliza unachachusha wa nini, akasema wa nyumba.

Siku yenyewe ilifika, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa pale Aston. Ukumbi alikodi kaka yetu Cleopas, ambaye ni msemaji wa ukoo na mshabiki mkubwa wa timu moja ya London. Kwa kuwa jicho lake liko London, hakujua kwamba siku hiyo timu ya mtaa inacheza nyumbani. Tulifika tukakuta barabara zimefungwa, polisi juu ya farasi, na bahari ya watu wenye skafu wakiimba. Mabasi yalikuwa yamegeuzwa njia. Karibu wanawake wetu wote walikwama huko mbali na masufuria ya pilau mapajani, na nikampa Cleopas maneno ambayo hayafai kusemwa kwenye ukumbi wa kanisa.

Upande wa Oliver walichelewa pia, lakini walifika, miguu imechoka na nyuso nyekundu. Msemaji wao alikuwa Mzee Pritesh, mfanyakazi mwenzake. Huyu Pritesh alizaliwa Nakuru, baba yake akiwa na duka la vitambaa, akaletwa Uingereza akiwa kijana, na Kiswahili chake amekitunza kama sufuria nzuri ya wageni. Alisimama mlangoni akasema, kama desturi ya posa inavyotaka, kwamba wamekuja kumtafuta kondoo wao mweupe aliyepotea, na nyayo zake zimeingia boma hili. Cleopas akamjibu kwamba leo hapa Aston hapajapita kondoo, wamepita washabiki tu. Watu wakacheka, wageni wakaingia, na habari ya mbuzi ikamalizwa upesi kwa sababu ilikuwa imeshamalizwa kwenye simu.

Ikabaki ile sehemu ninayoisimamia mimi. Wanawake hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka vidoleni, bibi arusi akiwa katikati yao, wanapangwa mstari, na bwana arusi anatakiwa amtambue wake. Akikosea anachekwa na kuzomewa mpaka ajute. Kwa kazi hiyo unahitaji kundi, na kundi langu lilikuwa kwenye mabasi. Nilikuwa na Nyambura, na Batula jirani yetu, na Sabine, rafiki yetu wa kanisani kutoka Bukavu aliyekuja kwa miguu akiikanyaga barabara kama ni yake. Mstari wa watu watatu hata kipofu angeupita bila tabu.

Nikaenda jikoni. Brigid alikuwa anaosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi. Kibuyu cha uji kilikuwa mezani karibu naye, kitambaa bado kimefungwa. Nikamwambia aje afunikwe.

"Mimi ni mama mtu," alisema. "Mkwe hata usoni hanitazami vizuri. Akinifunua je?"

"Hawezi kukufunua, hana wazimu. Simama tu hapo tuonekane wengi."

Alikataa. Nikamtwisha leso kichwani akiwa bado anakataa, nikamsukuma ukumbini, nikampanga baada ya Sabine. Nyambura nikamweka mwisho kabisa, nyuma kidogo ya nguzo. Leso zilifika mpaka sakafuni, sura wala mkono havikuonekana. Nilisimama pembeni nikiwa nimeridhika sana na kazi yangu.

Oliver akaitwa. Alitembea polepole mbele ya mstari, mikono nyuma, kama mtu anayekagua reli. Alimpita Batula. Kwa Sabine alisita, na Sabine, ambaye hawezi kunyamaza hata akifunikwa blanketi, akaguna wimbo. Oliver akatabasamu akapita. Akafika kwa Brigid akasimama.

Alimtazama kutoka juu mpaka chini. Mimi nilianza kukohoa. Nilikohoa kikohozi ambacho wodini kingemletea mtu daktari, lakini Oliver hakugeuka. Uso wake ulifunguka wote kwa furaha.

"Huyu," alisema kwa Kiswahili. "Huyu ndiye."

Akashika pindo la leso akaifunua.

Nje washabiki walikuwa wanaimba, ndani husikii hata kijiko. Cleopas alijifunika uso kwa programu ya sherehe. Mzee mmoja upande wetu alisimama kama anayetaka kuondoka, kisha akakaa tena. Kwetu mkwe humpisha mama mkwe njiani, humwamkia akiwa mbali, na sasa huyu alikuwa ameshika leso ya Brigid mkononi, amemfunua mbele ya ukoo mzima kama bibi arusi wake. Nilitamani sakafu ya kanisa inimeze na leso zangu.

Oliver alipoona ni nani, alibadilika rangi mpaka masikioni. Aliangusha macho chini, kama Nyambura alivyomfundisha, na akarudi nyuma hatua.

Brigid hakusogea. "Umenichagua mimi," alisema.

Oliver akaanza kujieleza kwa Kiingereza, maneno yanapandana, na Mzee Pritesh akasogea kumfasiria ili wazee wasikie. Alisema anaomba radhi sana. Alisema hakuona uso, aliona msimamo. Nyambura akiudhika huweka uzito wote kwenye mguu mmoja, na ule mwingine anaupigapiga chini, tap, tap, tap, mpaka leso ya huyu mama ikawa inatikisika chini. Alidhani ni Nyambura, ameudhika kwa sababu wamechelewa.

Sabine alikuwa wa kwanza kucheka, chini ya leso yake. Kisha wakacheka wanawake wote, kwa sababu ni kweli. Brigid amesimama hivyo tangu utoto, na mama yetu alisimama hivyo hivyo kwenye mlango wa jiko tukichelewa kuleta maji. Sikuwahi kukumbuka mguu ule wa mama tangu tumzike, mpaka mtu wa Gothenburg aliponionyesha. Nililia, na mimi silii ovyo.

Brigid hakucheka. Lakini mguu ulikuwa umetulia.

"Na malkia wako je?" alimuuliza. "Bado ni malkia?"

Oliver akavuta pumzi. Alisema siku ile aliyotoka Lozells alimpigia simu bibi yake, mwalimu mstaafu, akamsimulia alivyojibu, na bibi akamgombeza. Habari ya malkia ni kweli, bibi alisema, lakini ni nusu yake, na yeye alichagua nusu ya kumbembelezea mtu. Hapo Oliver aliacha Kiingereza. Alikuwa amejizoeza maneno yaliyobaki kwa Kiswahili, na aliyasema taratibu, huku Pritesh akisogeza midomo pamoja naye kama mzazi kwenye mashindano ya shule.

"Kona lilikuwa neno la mwanamke mmoja. Kvinna lilikuwa la wengi. Mtu alisema hivyo kama kitu ni cha wanawake, wote pamoja. Watu wetu wakalizoea lile la wengi. Sasa tunamwita nalo hata aliye peke yake."

Kisha akamgeukia Brigid, macho bado chini.

"Bibi anasema nilikosea kudhani nakuja kuchukua mmoja. Ameshatandika kitanda chako, mama, kwenye chumba cha dirisha. Anauliza unalala na mto laini au mgumu."

Nilimtazama dada yangu. Miaka yote hii amewatandikia watu vitanda, wazee wa watu, amewageuza, amewawekea mito mgongoni. Sikumbuki mara ya mwisho mtu alipomuuliza yeye analalia nini.

"Mwambie mgumu," alisema. "Laini unaniumiza shingo."

Akachukua leso yake kutoka mkononi mwa Oliver, akajifunga kiunoni kama mtu anayeenda kazini, akaelekea jikoni. Alirudi na kibuyu. Alikifungua pale pale mbele ya watu, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa.

Vigelegele vilipasuka, na mimi ndiye niliyevianza. Cleopas alitoa uso wake nje ya programu. Mzee Pritesh alipangusa macho akasema mafua ya Birmingham ni mabaya. Sabine alijifunua mwenyewe, maana joto lilikuwa limemzidi, akanishika bega.

"Edah, huyu mutoto ya bazungu iko na macho," aliniambia. "Miye alinipita tu comme ça, hivi hivi, alafu akaona mama."

Na katika furaha hiyo hakuna aliyeona kwamba Brigid alikuwa bado anakunywa. Kuonja ni kuonja, unagusa mdomo unampa mwingine. Dada yangu alifumba macho akaendelea, koo linapanda na kushuka, kama mtu aliyekuwa na kiu tangu siku ile ya korido na hakumwambia mtu. Vigelegele vilianza kupungua. Watu wakatazamana. Alikiinamisha kibuyu mpaka kitako kikaangalia dari.

Kule nyuma ya nguzo kulikuwa na leso moja bado imesimama, na pindo lake lilikuwa linatikisika chini, tap, tap, tap. Oliver aliiona. Alikwenda moja kwa moja, lakini kabla hajaigusa Nyambura akaivuta mwenyewe. Uso ulikuwa umelowa machozi na macho yalikuwa kwenye kibuyu.

"Mum," alisema. "Umemaliza yote? What about the guests?"

Brigid alijipangusa mdomo kwa ncha ya leso. Akakitikisa kibuyu karibu na sikio, akasikia hakuna kitu, na ndipo akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha Nyahururu ambacho nilidhani kilibaki uwanja wa ndege.

"Nitachachusha mwingine," alisema. "Na kibuyu hiki hakitatosha. Watu wameongezeka."

Uji hauchachi kwa saa moja, kila mtu anajua. Kwa hiyo siku hiyo wageni wetu walipewa chai, kama wale waliokataliwa, na wakashukuriwa kwa kuja. Lakini hakuna aliyerudi kwao mpaka mpira ulipokwisha, barabara zikafunguliwa, na yale masufuria ya pilau yakafika.